Mjomba aliua mti kwa huruma, nami nusura niue wa babu

Mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimekolea, hebu kaa pale Forodhani baada ya magharibi uangalie watu. Sisi wenyeji tumejikunyata. Huyu kavaa sweta, yule kajitanda kanga ya pili mabegani, na vijana wa mishkaki wanaota moto wa majiko yao wenyewe. Pembeni yako kakaa mtalii, kaptura na fulana isiyo mikono, jasho linamtiririka, anajipepea kwa karatasi ya chipsi na kusema Zanzibar ina joto. Upepo ni ule ule mmoja, bahari ni ile ile moja.

Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu jambo hilo hilo, la kila mtu kudhani baridi yake ndiyo baridi ya ulimwengu mzima, limeshaua mti mmoja katika familia yetu. Wa pili ulipona kwa tundu la sindano, na aliyetaka kuuua ni mimi ninayekuandikia.

Usishangae, mpenzi msomaji. Najua umezoea kunisoma nikizungumzia mambo ya harusi, mitindo ya nywele na vijana wasiolipa madeni. Leo nataka tuzungumze miti. Si minazi wala miembe, bali ile midogo inayokaa kwenye sahani ya udongo, mti mzima wenye shina, matawi na mikunjo ya uzee, lakini urefu wake haufiki goti. Wajapani wanaiita bonsai, maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye sinia. Asili yake ilianzia China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Wajapani wakaichukua na kuinyoosha mpaka ikawa fani yao.

Wengi wanadhani bonsai ni mbegu maalumu ya mti mfupi. Sivyo. Ni mti wa kawaida, ambao mtu ameupunguza mizizi na matawi kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Wengine wanasema ni mti unaoshindishwa njaa. Hilo nalo si kweli, maana mti wa sahani unataka maji na chakula kwa uangalifu kuliko mti wa shamba. Mti wa shamba ukikosa maji unapeleka mizizi chini kuyatafuta. Wa kwenye sahani utakwenda wapi? Unakutegemea wewe tu.

Ukitaka kuelewa vizuri, toka bustanini Forodhani utembee kidogo kuelekea bandarini. Utaukuta ule mti mkubwa unaoitwa Mtini, unaosimuliwa kuwa ulipandwa na Sultani Khalifa mwaka 1911. Chini ya kivuli chake ndipo mafundi walipokuwa wakitengeneza vyombo, na ndipo manahodha wanapongoja abiria wa Changuu. Basi miti ya jamii hiyo hiyo ya mitini ni miongoni mwa ile inayopendwa sana duniani kufanywa bonsai za ndani ya nyumba. Mwenzake amekaa sahanini kwenye dirisha la mtu huko Ulaya, wa kwetu unafunika vyombo vya baharini. Tofauti ni mkono wa mtu tu.

PACHA WA MJOMBA

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Katika safari zake alifika Kobe, Japani, na huko akaona msonobari mdogo umewekwa mbele ya duka la chai. Mwenye duka alimfahamisha kwa ishara za mikono kwamba mti ule aliachiwa na baba yake. Babu hakuusahau.

Mwaka 1978 alikuwa nyumbani Unguja, na mwaka huo ndio aliozaliwa mjomba wangu. Babu akachukua kokwa moja ya ukwaju jikoni kwa bibi, akaiotesha kwenye kopo la maziwa. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alikata hapa, akafunga waya wa shaba pale, akaukunja taratibu. Ukimuuliza anakujibu kwa methali moja tu, samaki mkunje angali mbichi.

Mpaka mimi nazaliwa, mkwaju ule umeshazeeka. Shina limepinda kama mzee anayeinuka kutoka kwenye mkeka, gome limepasukapasuka, na kimo chake sentimita 45. Jioni jua likizama, majani yake madogo yanajikunja mawili mawili yanalala, kama ya mkwaju wowote ule. Tulipokuwa watoto tulipanda juu kuuangalia unavyolala, na babu alitukataza kupiga kelele. Eti tutauamsha!

Mjomba alihamia London, akaoa huko, akapata watoto. Kila akipiga simu, baada ya shikamoo za wazee, swali lake la kwanza lilikuwa, "Pacha wangu hajambo?" Watoto wake walidhani ana ndugu wa kweli huku.

Babu alifariki Aprili 2020. Ndege zilikuwa zimesimama kwa ajili ya korona, na mjomba hakuweza kuja kumzika baba yake. Alisikiliza khitma kwenye simu. Mimi ndiye niliyeshika ile simu, na maneno aliyoyasema yote siwezi kuyaandika hapa. Ila la mwisho aliniambia, "Mwanangu, nitunzie mti."

Nikamwambia nitautunza.

JANUARI MOJA, MIKASA MIWILI

Sasa tuje Januari 2024.

Miezi miwili kabla yake, mjomba alipita duka moja la maua huko kwao akaona bonsai, akainunua. Ilikuwa junipa, mti wa nchi za baridi wenye majani kama miba laini, jamaa wa misonobari. Hakuwa na elimu ya miti lakini alikuwa na mapenzi, na si unajua mapenzi ya mtu wa Unguja aliyekaa London? Anajua uadui wa baridi. Huko mwezi wa Januari saa 11 jioni jua limeshatua, asubuhi umande umeganda juu ya majani na vioo vya magari. Mjomba alimuonea huruma mti wake. Akauingiza sebuleni, akauweka karibu na hita, akaugeuza kila siku upate joto pande zote. Kidogo tu angeufunika blanketi.

Mti ulikaa kijani kibichi wiki nyingi. Mjomba akajisifu kwetu, akatuma na picha. Halafu siku moja, akiupitishia mkono, majani yakamwagika kama unga.

Jirani yake, bibi mmoja wa Kiingereza anayependa bustani, akaja kuutazama. Akakwaruza gome kwa ukucha. Mti ulio hai, ukiukwaruza kidogo, chini ya gome utaona rangi ya kijani na unyevu. Huu ulikuwa wa kahawia na mkavu. Yule bibi akamwambia kwamba mti umekufa tangu zamani, ila junipa ina tabia ya kubaki na rangi yake wiki kadhaa baada ya mizizi kufa. Kumbe mjomba alikuwa anamwagilia maiti.

Wiki hiyo hiyo mimi nami huku nina mkasa wangu. Juu ya nyumba yetu pana sakafu iliyo wazi ambapo bibi anaanika nguo, na ndipo mkwaju wa babu ulipokaa siku zote. Mimi, kwa ujuaji wa mtu aliyemaliza kidato cha nne, nikaona sahani ya babu imechakaa. Nikanunua mpya, nyeusi ya plastiki, kwa muuza maua mmoja hapa mjini. Ilikuwa inang'aa kweli. Sikuangalia kama ina matundu chini, na haikuwa nayo. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza.

Ilikuwa kaskazi, jua la kupasua vichwa, sakafu inachoma nyayo. Sahani nyeusi ikawa chungu jikoni. Kisha bomba likakatika siku 3, nikachota maji kisima cha jirani. Visima vingi vya Mji Mkongwe, kwa kuwa bahari ipo mlangoni, maji yake yana chumvi. Nikamwagilia, tena kwa wingi, nikidhani nausaidia. Maji hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe. Ncha za majani zikaungua. Siku ya sita mkwaju wa mwaka 1978 ulikuwa fimbo tupu.

Bibi alipanda juu kuanua nguo, akauona. Hakunigombeza. Alisema, "Haya, weye mwambie mjomba'ko," akateremka zake.

Msomaji, bora angenipiga.

KOSA LA MJOMBA

Nilimpigia mjomba nikiwa nimejitayarisha kulia. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye aliyeanza kunieleza msiba wake wa junipa. Tukasikilizana, tukanyamaza wote wawili. Kisha akaniambia nikwaruze gome.

Nikapanda na tochi usiku ule ule. Nikakwaruza tawi, kavu. Nikakwaruza shina karibu na udongo. Kijani! Wallahi nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Tangu hapo tukawa wanafunzi, yeye kwa yule bibi wa Kiingereza, mimi kwa mzee mmoja anayeuza miche nje ya mji. Kila Jumapili tulipigiana simu kusimuliana. Kila nilipokwenda kuongea naye Forodhani, kwenye ukuta ambao watoto wanajirusha baharini, nilibeba daftari. Haya ndiyo niliyoandika.

La kwanza, uliza mti wenyewe kwao ni wapi. Junipa, msonobari na mepo ni miti ya nchi zenye majira ya baridi. Kwao baridi ndiyo usiku wao. Wanahitaji wiki nyingi za ubaridi ili walale, na wasipolala wanachoka na kufa. Kumuweka junipa sebuleni majira ya baridi ni kama kumnyima mtu usingizi miezi mitatu halafu umuulize kwa nini anadhoofika.

Jambo hili tunalo hata hapa kwetu Tanzania. Lile tunda la tufaa, wengine mnaliita epo, linastawi Njombe na Makete, kwenye milima ambako miezi ya Juni mpaka Agosti baridi huganda na kuunguza majani ya viazi. Hapa Unguja, ambapo usiku wa kipupwe unateremka mpaka nyuzi 20 na kitu hivi, tufaa halistawi. Si kwamba udongo wetu mbaya. Mti haupati pa kulala.

Upande wa pili ni miti ya kwetu sisi watu wa joto: mtini, mkwaju, mbuyu, na yale maua ya jangwani yenye shina nene kama chupa wanayoyaita adeniamu, ambayo asili yake ni Afrika na nchi za Uarabuni. Hawa wakiwa ugenini ndio wa kuingizwa ndani. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 wanaanza kuumwa, na umande ukiganda wamekwisha. Waweke dirishani wapate mwanga, lakini mbali na hita, kwa sababu hita inakausha hewa. Wenye ujuzi wanaweka chini ya sahani sinia lenye changarawe na maji kidogo, ili unyevu upande taratibu. Mbuyu na adeniamu wakipukutisha majani wakati wa baridi usiogope na usiwamwagilie kwa huruma. Wamelala. Mizizi iliyolala ikilowekwa maji ya baridi inaoza.

MIZIZI NDIYO INAYOSIKIA BARIDI

La pili ndilo lililonifungua macho. Mtu unapoona theluji juu ya matawi unadhani matawi ndiyo yanayoteseka. Yule bibi alimwambia mjomba kwamba sivyo. Matawi ya mti wa baridi yamezoea, lakini mizizi yake ni laini zaidi. Msituni mizizi imejificha chini, na ardhi ni blanketi nene. Kwenye sahani ya vidole vinne baridi inaingilia juu, chini na pembeni. Mti ule ule ambao ardhini ungecheka na theluji, sahanini unakufa.

Kwa hiyo kinga yote ya majira ya baridi ni kinga ya mizizi. Wenye bustani wanachimba shimo na kuizika sahani nzima mpaka ukingoni, kisha wanafunika udongo kwa majani makavu, maganda ya miti au nyasi. Ikifika majira ya joto wanaifukua. Asiyekuwa na bustani, kama mjomba mwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, anatafuta boksi lile jeupe jepesi la kuwekea samaki na barafu. Anatoboa matundu chini, anaweka sahani ndani, anajaza majani makavu pembeni. Boksi linaloizuia barafu isiyeyuke ndilo hilo hilo linaloizuia mizizi isigande. Nilipomwambia mzee wa miche habari hiyo alicheka sana, akasema, "Basi na wao wangeweka madafu."

Wengine wanauweka mti kwenye banda au gereji isiyo na moto. Neno muhimu ni hilo, isiyo na moto. Pawe pa baridi, ila upepo usifike.

La tatu ni maji. Unaweza kudhani mti wakati wa baridi unakufa kwa kuganda tu. Mingi inakufa kwa kiu. Jua la baridi na upepo vinanyonya maji kwenye majani ya msonobari na junipa, na huku chini udongo umekuwa jiwe la barafu, mizizi haiwezi kunywa. Mti unakauka ukiwa umekaa juu ya maji. Ndiyo maana wanaukinga na upepo kwanza, na siku barafu ikiyeyuka wanatia kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu wanamwagilia mchana ili maji yaingie kabla ya usiku. Mbolea hawatii wakati huo. Aliyelala haamshwi kwa kulishwa.

Na sahani yenyewe nayo ina lake. Kila mtoto wa Forodhani amewahi kusahau soda ya chupa kwenye friza akaikuta imepasuka. Maji yakiganda yanavimba karibu sehemu 9 katika 100. Udongo uliolowa chapachapa ndani ya sahani dhaifu ukiganda, asubuhi unakuta vigae. Kwa hiyo maji yawe kiasi, matundu yawepo, na udongo uwe wa kupitisha maji. Hapo kwenye matundu niliinamisha kichwa, maana ya kwangu niliyajua.

KAMBA ZA JAHAZI NA UKUTA WA HIROSHIMA

Wajapani hawafanyi mchezo na jambo hili. Katika mji wa Kanazawa ipo bustani maarufu ya Kenrokuen. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Novemba wafanyakazi wanasimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari mikubwa, na kutoka kwenye ncha ya nguzo wanateremsha kamba nyingi pande zote, kila kamba inashika tawi. Theluji ikianguka ikalala juu ya matawi, kamba zinabeba uzito. Niliangalia picha yake nikafikiri ni milingoti ya majahazi imetia nanga bustanini.

Kisa kingine kimenikaa moyoni. Upo msonobari mweupe mmoja ulioanza kulelewa kama bonsai mwaka 1625, ukapokezana kizazi kwa kizazi katika familia ya Yamaki ya Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 lilipoangushwa bomu la atomiki, nyumba yao ilikuwa yapata kilomita 3 kutoka lilipolipukia. Vioo vilipasuka, lakini mti ulikuwa nyuma ya ukuta wa bustani, na ukuta ukaukinga. Mwaka 1976 Wajapani waliipa Marekani zawadi ya bonsai 53, na mzee Masaru Yamaki akautoa msonobari huo uende Washington. Aliyoyapitia mti wake hayakujulikana kule. Ni mpaka mwaka 2001, wajukuu walipokwenda kuutazama, ndipo watunzaji walipoelewa walikuwa wanamwagilia kitu gani.

Mti huo umepitia karibu miaka 400 ya majira ya baridi. Wewe na mimi hatuwezi kuzuia bomu wala theluji. Kusogeza sahani nyuma ya ukuta tunaweza.

NA SISI WA KASKAZI?

Utaniuliza, hayo ya theluji yananihusu nini mimi wa Shangani, Malindi au Ng'ambo? Yanakuhusu kama una hata mrehani kwenye kopo. Sahani fupi haijui kukinga mizizi. London inaingiza baridi, Forodhani inaingiza moto.

Mzee wa miche alinipa masharti yake, na dawa ni ndugu moja na ile ya Uingereza. Kwanza nikaurudisha mkwaju kwenye sahani ya zamani ya babu, ya udongo, yenye matundu matatu. Kumbe mzee wa watu alijua alichokuwa anakifanya! Kisha nikamwaga maji matamu juu ya udongo mara nyingi, yakapita na kutoka chini, ili yaoshe chumvi. Nikauteremsha kutoka juu, nikauweka uani penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Sahani nikaizika ndani ya beseni pana lililotobolewa, limejaa mchanga wa mtoni wenye unyevu, na juu ya udongo nikatandaza makumbi ya nazi. Wao wanazika sahani isigande, mimi nimezika isichemke.

Upepo wa kaskazi ukivuma kutoka baharini unaleta chumvi, kwa hiyo kila baada ya siku mbili nikawa naosha matawi kwa maji matamu. Siku bomba halitoi, natumia maji ya mvua ambayo bibi anakinga kwenye pipa. Mbolea sikutia. Kukata sikukata. Mzee aliniambia, "Mgonjwa hanyolewi, mwanangu."

Wiki nane nzima sikuona kitu. Kila asubuhi nakwaruza kidogo, mpaka bibi akanambia nikiendelea hivyo nitaumaliza kwa kucha. Masika yalipoanza, mwishoni mwa Machi 2024, kwenye kiwiko cha shina pakatokea nukta nyekundu. Siku ya tatu ikafunguka. Jioni yake majani mawili madogo yakajikunja, yakalala.

PICHA YA BAADA YA DAKU

Mjomba naye hakukata tamaa. Vuli ya huko, mwaka 2024, alinunua mepo ya Kijapani, mti wa majani kama kiganja cha mtoto. Safari hii hakuingiza ndani. Aliuacha kibarazani ukapukutika majani yote, akautia kwenye boksi la samaki, akausukuma kwenye kona ya ukuta. Watoto wake wakamwambia baba unautesa mti. Kila usiku wa baridi kali alikuwa akiamka kuutazama kupitia kioo, mkono uko kwenye kitasa, nafsi inamwambia uingize. Hakuuingiza. Aliniambia hajawahi kufanya jambo gumu kama hilo, kumpenda mtu kwa kumwacha nje.

Machi 2025, ndani ya Ramadhani, tumemaliza daku nasikia simu imelia. Ni picha. Vichipukizi vyekundu, vimejipanga kwenye kila kijitawi. Nami nikamrushia picha ya mkwaju wetu.

Alipopiga alikuwa na ombi. Akasema sasa ameshajua, hivyo nifanye utaratibu, nimtumie pacha wake London. Atautunza ndani, dirishani, na sinia la changarawe.

Nilikaa kimya. Mti ni wake kuliko wangu. Lakini nikamwambia, "Mjomba, habari za vibali vya kusafirisha mti na ukaguzi wa maradhi tuziache kwanza. Tabu ni kwamba wewe ndiye uliyenifundisha niulize mti kwao ni wapi. Huu kwao ni hapa."

Waswahili wanasema mwacha asili ni mtumwa. Sikumtajia, ila nadhani aliisikia. Hakujibu kwa muda mrefu, nikafikiri mtandao umekata. Kisha akasema, "Basi mwambie bibi'ako nakuja mie."

Bibi nilimwambia. Alisema hewala, kisha akauliza kama mjomba bado anavaa soksi ndani ya nyumba.

Nawe msomaji, leo kabla hujalala, kiinue kile chungu chako cha maua uangalie chini. Kama hakina tundu, tafuta msumari. Na kama una ndugu Ulaya aliyenunua junipa akaiweka karibu na hita, mpigie simu usiku huu huu. Usingoje majani yamwagike.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.